Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyewalea viwavi ili awajue nondo

Alipofariki dunia mjini Amsterdam tarehe 13 Januari 1717, Maria Sibylla Merian alikuwa na umri wa miaka 69. Kiharusi kilikuwa kimemdhoofisha kwa muda wa miaka miwili, na daftari la vifo la mji huo lilimwandika miongoni mwa watu wasio na mali. Hata hivyo, katika siku hizohizo daktari wa Mfalme Peter Mkuu wa Urusi alikuwa mjini Amsterdam akinunua picha zake kwa ajili ya hazina ya mfalme. Picha nyingi katika hizo zilionyesha kitu ambacho watu wengi wa zama zile walikiona kuwa uchafu usiostahili kutazamwa, nacho ni viwavi.

Leo jina lake hutajwa kila panapozungumzwa historia ya elimu ya wadudu. Wanaotembea mashambani na kamera, wakiwatafuta viwavi wakubwa wenye pembe na kujaribu kujua watageuka kuwa nondo gani, wanaifuata njia ambayo mwanamke huyu aliifungua zaidi ya miaka 300 iliyopita, akiwa na brashi na rangi za maji.

Njia yenyewe inaeleweka kwa urahisi, lakini huhitaji subira kubwa. Kiwavi na nondo hawafanani hata kidogo. Anayemkuta kiwavi juu ya jani hana hakika ya mdudu atakayetokea, na anayemkuta nondo amejigonga kwenye taa usiku hawezi kujua alikula nini alipokuwa mdogo. Kuwaunganisha wawili hawa kwa yakini kunataka mtu amchukue kiwavi, amlishe majani ya mti uleule aliokutwa nao, angoje ajigeuze pupa, kisha angoje tena wiki au miezi mpaka mwenye mabawa atokee. Merian aliifanya kazi hiyo tangu alipokuwa na umri wa miaka 13.

Mtoto wa nyumba ya wachapaji

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 2 Aprili 1647. Baba yake, Matthäus Merian, mzaliwa wa Uswisi, alikuwa mchongaji na mchapishaji mashuhuri wa ramani na picha za miji ya Ulaya. Alifariki mwaka 1650, binti yake akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mwaka uliofuata mama yake aliolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua, na huyo ndiye aliyemfundisha mtoto wa kambo kushika brashi, kuchanganya rangi na kuchora maua.

Wachoraji wa maua wa zama zile walizoea kuweka mdudu mmoja au wawili juu ya jani ili picha ionekane hai. Kwao mdudu alikuwa pambo. Binti wa Frankfurt akataka kujua mapambo hayo yanatoka wapi. Mnamo mwaka 1660 alianza na viwavi wa hariri, ambao walikuwa wakifugwa mjini humo. Aliwalisha majani, akawatazama wakijisuka ndani ya vifuko vyao, na akaandika kila alichokiona. Baadaye aliona kuwa viwavi wengine wa kawaida hutoa vipepeo na nondo wazuri kuliko wale wa hariri, akaanza kuwakusanya kila alikowapata.

Inafaa kukumbuka watu wa wakati huo waliamini nini. Wengi, wakiwamo wasomi, walifuata fikra iliyotoka kwa wanafalsafa wa kale kwamba wadudu hawazaliwi kama wanyama wengine, bali huchipuka wenyewe kutoka kwenye matope, nyama iliyooza au umande. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alionyesha kwa majaribio kwamba funza wa nyama hutokana na mayai ya nzi. Mwaka uliofuata Jan Swammerdam wa Uholanzi na Marcello Malpighi wa Italia walichapisha uchunguzi wao juu ya mabadiliko ya wadudu. Merian hakuwa peke yake, wala si yeye aliyegundua kwamba kiwavi hugeuka. Alichokuwa nacho, na ambacho wengi wa mabwana hao hawakukijali, ni kumtazama mdudu pamoja na mmea unaomlisha.

Kitabu cha viwavi

Mwaka 1665 aliolewa na mchoraji Johann Andreas Graff, mwanafunzi wa Marrel. Walijaliwa mabinti wawili, Johanna Helena aliyezaliwa mwaka 1668 na Dorothea Maria aliyezaliwa mwaka 1678. Miaka ya kati waliishi Nürnberg, mji wa mume wake. Huko Merian alifundisha mabinti wa familia za mjini kuchora na kudarizi, na urafiki huo ukamfungulia milango ya bustani zao. Ndimo alimopata viwavi wake.

Nyumbani aliwaweka katika visanduku vidogo vya mbao. Alijifunza upesi kwamba kiwavi si mlaji wa kila jani. Wengi hula mmea mmoja au michache tu, na wakikosa huo hufa njaa katikati ya majani mengine mabichi. Kwa hiyo ilimbidi kila siku atafute jani lilelile. Aliandika tarehe ambayo kiwavi alijivua ngozi, alipoacha kula, alipojigeuza pupa na alipotoka mabawa yakiwa bado yamekunjamana. Mara nyingine hakutoka nondo kabisa. Kwenye pupa walitoka nzi au manyigu wadogo. Yeye aliyaandika hayo pia bila kuyaficha. Leo inajulikana kuwa wadudu hao wadogo hutaga mayai ndani ya kiwavi na watoto wao humla akiwa hai.

Matunda ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1679 katika kitabu cha picha 50 kuhusu mabadiliko ya ajabu ya viwavi na mimea wanayoila. Sehemu ya pili, yenye picha nyingine 50, ilifuata mwaka 1683. Mpango wa kila picha ni mmoja. Katikati umechorwa mmea, aghalabu ukiwa na maua. Juu ya majani yupo kiwavi, mahali pengine pupa, na kando yao nondo au kipepeo aliyekomaa, mara nyingine pamoja na mayai yake. Msomaji aliyefungua ukurasa mmoja aliona maisha yote ya mdudu, na aliona pia mahali pa kwenda kumtafuta.

Mpango huo ndio uliobadilisha mambo. Kabla yake, vitabu vingi viliwapanga wadudu peke yao katika mistari mithili ya vifungo vya nguo vilivyowekwa sokoni. Merian aliwarudisha nyumbani kwao.

Kuondoka, na kuondoka tena

Baada ya baba yake wa kambo kufariki mwaka 1681, alirejea Frankfurt kumsaidia mama yake. Ndoa yake ilikuwa imekwisha kuingia ufa. Kati ya mwaka 1685 na 1686 alimchukua mama yake na mabinti wake wawili, akahamia Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na kujiunga na jumuiya ya kidini ya Walabadi, waliokuwa wakiishi maisha ya kujinyima katika ngome ya Waltha, kijijini Wieuwerd. Mume wake alimfuata akimsihi arudi, akakataliwa. Ndoa ilivunjwa rasmi mwaka 1692.

Katika ngome hiyo alipanga upya karatasi zake za miaka yote tangu utotoni, akazikusanya katika daftari moja: michoro midogo juu ya ngozi laini, na mbele yake maelezo ya kila mdudu. Ngome hiyo ilikuwa mali ya familia ya Cornelis van Aerssen van Sommelsdijck, gavana wa koloni la Suriname huko Amerika ya Kusini, na Walabadi walikuwa wamejaribu kuanzisha makazi katika koloni hilo. Habari za misitu ya mbali zikamfikia akiwa kijijini.

Mama yake alifariki mwaka 1690, na mwaka uliofuata Merian na mabinti wake walihamia Amsterdam. Mji huo ulikuwa miongoni mwa bandari tajiri kabisa duniani. Matajiri wake, akiwemo meya Nicolaes Witsen, walikuwa na vyumba vilivyojaa kombe, ndege waliokaushwa na vipepeo kutoka makoloni. Merian alikaribishwa kuvitazama. Alivistaajabia, lakini havikumtosheleza. Kila mdudu mle alikuwa amekufa, amechomwa pini, hana kiwavi wala mmea wake. Hakuna aliyeweza kumweleza walitokana na nini.

Akaamua kwenda kuwatazama mwenyewe. Mnamo mwaka 1699 aliuza picha zake 255 ili apate nauli, akaandika wasia wake, na mwezi Juni akapanda meli pamoja na Dorothea Maria. Alikuwa na umri wa miaka 52. Wasafiri wa sayansi wa zama zile walikuwa wanaume waliotumwa na wafalme au makampuni. Mwanamke aliyeachana na mumewe, anayesafiri na binti yake kwa fedha zake mwenyewe kwenda kuwatafuta viwavi, lilikuwa jambo lisilokuwa na mfano.

Suriname

Waholanzi waliitwaa Suriname kutoka kwa Waingereza mwaka 1667, na kilichotafutwa pale kilikuwa sukari. Mashamba ya miwa yalipangwa kando ya mito, na kazi yote ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiwa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kuvuka bahari ya Atlantiki, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Merian na binti yake walipata nyumba yenye bustani Paramaribo. Walowezi walimcheka kwa kutafuta kitu kingine zaidi ya sukari. Yeye naye aliwashangaa kwa kuipuuza ardhi inayoweza kuzaa mengi, ikiwemo mizabibu.

Joto lilimwelemea. Mchwa na siafu waliharibu alivyovikusanya, na msitu ulikuwa mzito kiasi kwamba ilibidi watumwa watangulie na mapanga kumfungulia njia. Mwaka 1700 alisafiri kwa mto mpaka kwenye shamba la Providentia, lililohusiana na Walabadi. Kila alikokwenda aliendelea na utaratibu wake wa Nürnberg, yaani kumchukua kiwavi pamoja na jani lake, kumlea, na kungoja.

Miongoni mwa waliomvutia sana ni wale nondo wakubwa ambao katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa kwa jina la ndege mwewe au la sanamu ya Sphinx ya Misri. Nondo-mwewe ana kiwiliwili kinene, mabawa membamba yenye nguvu, na mrija mrefu ambao huukunja chini ya kichwa kama kamba. Wakati wa magharibi huja mbele ya ua na kuelea hewani bila kutua, akinyonya nekta. Kiwavi wake ni mkubwa, mnene, na wengi wao wana pembe moja nyuma, juu ya mkia. Akishtushwa hukiinua kichwa na kifua na kutulia hivyo, na mkao huo ndio uliomfanya Carl Linnaeus wa Sweden kuwaita Sphinx alipopanga majina ya wanyama mwaka 1758.

Watu wa Afrika Mashariki wanamjua ndugu yake. Mkulima wa viazi vitamu aliyewahi kukuta majani yametafunwa usiku kucha, na chini ya shina kinyesi kikubwa kama punje za pilipili manga, huenda alikuwa mwenyeji wa kiwavi wa Agrius convolvuli, nondo-mwewe anayepatikana Afrika na kuruka kila mwaka mpaka Ulaya. Kiwavi huyo huweza kuwa wa kijani au wa kahawia, ilhali nondo wanaotokana nao ni wa aina moja. Ndiyo sababu rangi peke yake humpoteza anayetaka kumtambua. Wanaowapiga picha siku hizi hutazama umbo na rangi ya pembe, mistari ya ubavuni, madoa ya matundu ya kupumulia, na juu ya yote hutazama amekutwa juu ya mmea gani. Picha isiyoonyesha jani huwa imepoteza nusu ya ushahidi.

Merian aliliweka jani katika kila picha. Nondo-mwewe wa Suriname wamo katika kurasa kadhaa za kitabu chake: juu ya mhogo katika picha ya 5, juu ya mzabibu katika picha ya 34, na juu ya mmea uitwao ua la tausi katika picha ya 45.

Picha ya 45

Ua la tausi, ambalo wataalamu huliita Caesalpinia pulcherrima, ni kichaka chenye maua mekundu na manjano yenye nyuzi ndefu zinazochomoza. Hupandwa kama pambo katika nchi nyingi za joto, zikiwemo za pwani ya Afrika Mashariki. Katika picha ya 45 Merian alimchora pamoja nalo nondo anayejulikana leo kwa jina la Manduca sexta na kiwavi wake wa kijani. Mdudu huyu ni maarufu katika bara la Amerika kwa kuyala majani ya tumbaku, na katika karne ya 20 alifugwa katika maabara nyingi kwa sababu ya ukubwa wake.

Mtu anayeitazama picha hiyo ataona uzuri tu. Maelezo aliyoyaandika Merian kando yake yanasema jambo zito zaidi. Alieleza kwamba wanawake watumwa wa asili ya nchi hiyo, walioteswa na mabwana zao wa Kiholanzi, walizitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Alieleza pia kwamba wanawake weusi walioletwa kutoka Guinea na Angola walikataa kuzaa katika hali waliyokuwamo, na kwamba wengine walijiua kwa kuamini kuwa watazaliwa upya katika nchi zao wakiwa huru. Aliongeza kwamba habari hiyo aliisikia kutoka kwa vinywa vyao wenyewe.

Vitabu vya mimea vya zama zile vilijaa habari za dawa za homa na za vidonda. Ni vichache mno vilivyoandika kwa nini mwanamke mtumwa alimeza mbegu. Mabwana wa mashamba waliijua siri hiyo kwa hasara yao, lakini hawakuwa na haja ya kuitangaza Ulaya. Ushahidi huo ulifika Amsterdam ukiwa umefungamana na nondo na kiwavi wake.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Merian kuwa kile ambacho hakuwa. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa Suriname, na aliwataja kama mali yake. Ndio waliomletea viwavi, waliomwonyesha mimea, waliomwambia ipi huliwa na ipi huponya. Aliandika mara kadhaa kwamba jambo fulani amelipata kwao, na katika hilo aliwazidi uaminifu waandishi wengi wa wakati wake. Lakini hakuandika jina hata la mmoja wao. Alipoondoka mwezi Juni 1701, akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kuendelea, alifuatana na mwanamke mmoja mwenyeji wa Suriname. Orodha ya abiria wa meli ilimtaja kwa asili yake tu, bila jina.

Kitabu, sifa na lawama

Kitabu chake kikubwa, Metamorphosis insectorum Surinamensium, kilitoka Amsterdam mwaka 1705 katika Kilatini na Kiholanzi. Kilikuwa na picha 60 kwenye kurasa kubwa, na majina ya Kilatini ya mimea yaliongezwa na Caspar Commelin, mtaalamu wa bustani ya mimea ya mji huo. Gharama alizibeba yeye mwenyewe, akauza pia wadudu waliohifadhiwa ili alipie wachongaji wa mabamba ya shaba.

Linnaeus hakuwahi kufika Suriname, lakini alizitegemea picha hizo alipowapa wadudu majina, akazitaja zaidi ya mara 100 katika maandishi yake. Kwa aina kadhaa za nondo na vipepeo, mchoro wa Merian ulikuwa miongoni mwa ushahidi alioutegemea kuipa aina hiyo jina.

Lawama zilikuja katika karne iliyofuata. Kasisi Lansdown Guilding, aliyekuwa akiishi katika kisiwa cha St. Vincent na ambaye hakupata kufika Suriname, alikishambulia kitabu hicho katika makala iliyochapishwa mwaka 1834. Alitumia toleo la baadaye lililokuwa limechafuliwa na makosa yasiyo ya Merian, na alimlaumu kwa kuamini maneno ya watumwa. Picha ya 18, inayomwonyesha buibui mkubwa akimla ndege mdogo, ilidhihakiwa na wengi kuwa hadithi ya wajinga. Mwaka 1863 mwanasayansi wa Uingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka mingi katika bonde la Amazon, aliandika kwamba amewaona kwa macho yake ndege walionaswa na buibui wa aina hiyo. Dhihaka ikapungua.

Si kila lawama ilikosa msingi. Merian alidai kuwa mdudu mmoja mwenye kichwa kirefu hutoa mwanga unaotosha kusomea gazeti, na madai hayo hayakuthibitika. Aidha, katika baadhi ya picha zake kiwavi na nondo waliowekwa pamoja si wa aina moja. Kila aliyewahi kulea viwavi wengi kwa pamoja anajua jinsi kosa hilo linavyotokea: visanduku huchanganyika, mmoja hufa, mwingine hutoka usiku, na mwenye kuandika hukisia. Wataalamu waliweza kuyasahihisha makosa hayo kwa sababu moja, kwamba Merian alikuwa ameacha maelezo ya kutosha ya mmea, kiwavi na pupa kiasi cha kumwezesha mwingine kurudia jaribio. Waliopiga pini wadudu wao bila maelezo hawakuweza hata kukosolewa.

Baada yake

Merian alikusudia kuongeza juzuu nyingine juu ya Suriname, lakini afya haikumruhusu. Mwaka 1715 alipatwa na kiharusi. Mwaka wa kifo chake Dorothea Maria alichapisha sehemu ya tatu ya kitabu cha viwavi wa Ulaya, kisha akahamia Urusi pamoja na mume wake, mchoraji Georg Gsell, akafanya kazi katika makumbusho ya Mfalme Peter mjini St. Petersburg. Daftari la mama yake, lile lililoanza na viwavi wa hariri wa mwaka 1660, lilifika mjini humo pia na kuhifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Sayansi. Wasomaji wengi walilingoja mpaka mwaka 1976, lilipochapishwa kwa nakala kamili.

Nchi aliyozaliwa ilimkumbuka kwa namna yake. Katika miaka ya 1990 sura yake iliwekwa kwenye noti ya mark 500 ya Ujerumani, na upande wa pili wa noti hiyo mlikuwa na mmea, kiwavi na nondo. Noti hiyo ilitumika mpaka sarafu ya euro ilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002. Wataalamu wa wadudu nao, mwaka 1865, walimpa nondo-mwewe mmoja wa Cuba jina la Erinnyis merianae.

Jina hilo ni heshima anayostahili. Utumwa ulikomeshwa Suriname mwaka 1863, miaka miwili tu kabla ya nondo huyo kupewa jina lake, na wale waliomfungulia Merian njia msituni, waliomletea viwavi na kumweleza siri ya ua la tausi hawana jina lolote katika kitabu chochote. Kilichobaki cha sauti zao ni maneno machache kando ya picha ya 45. Maneno hayo yamebaki kwa sababu mwanamke mmoja aliyekuja kumtafuta nondo aliuliza mmea wake ni upi na una kazi gani, akalisikiliza jibu mpaka mwisho, kisha akaliandika.